Ilijigeuza Yenyewe

Jumapili ile ilianza vizuri. Ua ulikuwa umefagiliwa, nguo zimeanikwa, na mshonaji alikuwa ameitoa cherehani yake barazani apate mwanga. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki kilichotandikwa mto, alikaa mama mkwe wake, miguu ameinyoosha juani. Kila baada ya mshono mmoja mshonaji aliinua macho akavitazama vifundo vya miguu ile. Vilikuwa vimevimba zaidi kidogo kuliko jana, si vya kutisha.

"Unanitazama miguu kama mtu anayetaka kuposa," mama mkwe alisema.

"Na mahari nimeshaandaa, Mama. Subiri nimalize hili gauni."

Wakacheka wote wawili. Walikuwa hivyo siku zote, wakitaniana kutwa, na mgeni asiyewajua angedhani ni mama na binti yake wa kumzaa.

Figo za yule mama zilikuwa zimeacha kazi miaka miwili nyuma. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alipaswa kulazwa kando ya mashine hospitalini, damu yake itolewe, isafishwe, irudishwe mwilini. Siku ya mashine ikirukwa, maji yasiyo na njia ya kutoka hujaa mwilini, na yakizidi hupanda mpaka kwenye mapafu, mgonjwa akazama akiwa amekaa kitandani kwake. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa nzima. Ndiyo maana ukoo mzima ulichangishana likanunuliwa gari dogo jeupe, kuukuu lakini zima, na dereva wake akawa mshonaji. Mama aliliita gari lile figo yake ya tatu.

Sasa mtazameni huyu anayetoka ndani, spana mkononi, fulana kaivua, simu kaichomeka kiunoni. Ndiye mume wa mshonaji, mtoto wa kiume wa pekee wa yule mama. Kazi yake ni karani wa mizani kwenye ghala la nafaka. Mtaani walimwita Bwana Najua, na yeye akadhani ni sifa. Ukimwambia mvua inakuja, anajua. Ukimwambia umefiwa, alijua. Nisameheni, jamaa zangu, mimi nilikusudia kusimulia kwa upole, lakini nikimfikia mtu huyu mate yananijaa mdomoni, na si ya uchu.

Kisa chenyewe kilianza Ijumaa. Mshonaji akimrudisha mama kutoka hospitali, aliona mshale wa joto unapanda. Hakubisha nao. Alisimama kwa fundi aliye mwisho wa barabara yao, mzee wanayemwita Fundi Taratibu kwa kuwa hata kufungua mlango hufungua kama anayeamsha mtoto mchanga. Yule mzee aliusubiri mshale ushuke, akawasha tena injini, akashika mpira wa juu wa rejeta, akashika wa chini.

"Huu unaunguza, huu wa baridi," alisema. "Maji hayazunguki. Themostati imekufa, tena imekufa imefumba."

Akamweleza mshonaji kwamba themostati ni kimlango kidogo cha chuma chenye springi. Injini ikiwa baridi kinafunga, ikipata moto kinafunguka, maji yapite kwenda kupoa kwenye rejeta na kurudi. Kisipofunguka, maji hubaki ndani yakichemka. "Niletee kesho asubuhi injini ikiwa imelala. Kazi ndogo, lakini ina adabu zake," alisema.

Mume aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. "Bolti mbili! Bolti mbili niende kumpigia mtu magoti? Najua. Jumapili nafanya mwenyewe."

Sina ugomvi na mtu kutengeneza gari lake nyumbani, tuelewane hapo. Wapo wanaofanya na wakafanya vizuri. Wananunua kipuri sahihi, wanasoma, wanauliza, wanakwenda hatua kwa hatua. Huyu hakuwa wa aina hiyo. Alitazama video nusu, akasema mwenye video anachelewesha.

Basi akafungua boneti. Majirani wawili wakaegemea ukuta kutazama, na hilo ndilo alilolitaka. Alilegeza mpira wa juu, maji ya kijani yenye kutu yakamwagika na kutambaa kwenye ua uliofagiliwa mpaka chini ya nguo mbichi. Hakuyatazama. Akafungua bolti mbili, akakibandua kifuniko, akaichomoa themostati ya zamani iliyoota ukoko, akaingia nayo jikoni. Aliporudi baada ya muda alikuwa ameinyanyua juu.

"Nimeichemsha, haikufunguka," aliwatangazia majirani. "Mnaona? Nimegundua ubovu."

Hakusema kwamba Fundi Taratibu aligundua tangu Ijumaa kwa viganja vitupu. Mshonaji naye hakuuliza hilo. Aliuliza jambo jingine. "Umeichemshia kwenye nini?"

"Kwenye sufuria. Ulitaka nichemshie kwenye kofia?"

Mshonaji alikwenda jikoni. Sufuria ndogo ya mama mkwe, ile inayopikiwa chakula chake peke yake, kisicho na chumvi, ilikuwa imerudishwa juu ya msumari wake. Ndani ilikuwa na duara la kutu, na utelezi unaong'aa, na harufu tamu ya yale maji ya kijani. Mtu mwenye figo mbili nzima akinywa maji yale, figo zinakufa. Na mtoto wa kumzaa mwenyewe amechemshia chuma kilicholowa maji yale ndani ya sufuria ya mamaye, akaisuuza mara moja kama anayesuuza glasi ya maji, akaitundika. Mshonaji akaitoa sufuria ile mpaka kwenye pipa la taka, akaikanyaga ikapondeka, asije mtu akaiokota.

"Si nimeisuuza?" mume alisema. "Wanawake mna mambo."

"Ni sufuria tu, mwanangu," mama mkwe alisema kwa sauti ya kutuliza. "Hakukusudia."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya yule mama katika nyumba ile, kupita nyuma ya mwanawe akifuta nyayo. Mshonaji aliizoea mpaka hakuisikia tena.

Alirudi barazani, akaiokota themostati mbovu iliyotupwa chini, akaigeuzageuza. Mshonaji yeyote hujua nguo ina nje na ndani, na ukishona nje kwa ndani umeshona upuuzi. Alikuwa ameiona ile ya zamani ikichomolewa. Springi ilitazama ndani, kwenye injini. Na sasa mumewe alikuwa anaiweka mpya, aliyoinunua dukani, springi ikitazama juu.

"Baba watoto," alisema polepole, "ile ya zamani springi haikuwa chini?"

Majirani wakatazamana. Mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Springi ndiyo inayosukuma maji yatoke," mume alisema. "Itasukumaje ikiwa imegeukia ndani? Wewe fundi wa vifungo, rudi kwenye vifungo vyako."

"Nimeiona kwa macho yangu."

"Mwache mumeo, mwanangu," mama mkwe akaingilia, akimshika mkono. "Mwanamume hasahihishwi mbele za watu. Utamwambia ndani."

Mshonaji akanyamaza. Ndani hakumwambia. Nataka mlishike hilo, maana yeye mwenyewe baadaye alilishika mpaka likamchubua.

Kazi ikaendelea. Gasketi ya zamani, ile karatasi ya kuzibia kifuniko, ilikuwa imechanika, akaipaka gundi akairudisha hivyo hivyo. Badala ya kulanti, yale maji ya kijani ya kupozea injini, akajaza maji ya bomba. Akawasha injini kwa muda wa kuvuta sigara moja, mshale haukuwa umeanza hata kupanda, akazima, akafunga boneti kwa kishindo. Mshonaji alipopendekeza wampitishie Fundi Taratibu atupe jicho tu, mume akasema gari likikanyaga kwa yule mzee, basi yeye si mwanamume wa nyumba ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini huyu alikuwa ameegemea ufa wenyewe akipiga picha.

Jumatatu asubuhi alisema ataendesha yeye. Aliomba ruhusa kazini kwa ajili hiyo, mtu ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kumpeleka mamaye kwenye mashine hata mara moja. Mama alifurahi. Alijifunga mtandio wake wa zambarau, akakaa mbele kando ya mwanawe, na njia yote akawa anamtazama kwa fahari. Mshonaji alikaa nyuma na mkoba wa dawa.

Nusu ya safari, kwenye mlima, mshale ukaanza kupanda.

"Simama," mshonaji alisema.

"Hiyo saa ya joto ni mbovu. Najua."

"Linachemsha, baba watoto. Simama."

"Nimesema saa ndiyo mbovu!"

Mvuke ukatoka kwenye kingo za boneti ndipo akasimama, kwa sababu hakuwa akiiona tena barabara. Palikuwa peupe, hapana kivuli wala nyumba. Gari la kusambaza mikate lililokuwa likipanda nyuma yao likasimama, dereva akatoa kichwa. "Mnaelekea hospitali? Nawaona na mgonjwa. Pandeni niwafikishe."

"Tuko sawa," mume alijibu kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. "Dakika tano tu."

Dereva akamtazama mama, akamtazama mshonaji. Mshonaji akatazama chini. Gari la mikate likaondoka.

Dakika tano zikawa ishirini. Kisha Bwana Najua akachoka kusubiri injini ipoe. Aliuvuta mtandio kichwani mwa mamaye, ndiyo, kichwani mwa mgonjwa aliyekaa juani, akauzungushia mkononi na kufungua kifuniko cha rejeta. Maji yaliruka juu kuliko kimo chake. Yalimpata mkono mpaka kwenye kiwiko, akaruka akipiga yowe, na mtandio ukaangukia kwenye matope ya kutu. Neno lake la kwanza lilikuwa kwa mkewe. "Ungenipa kitambaa kizito!"

Kisha, kwa hasira, akachukua dumu la maji baridi kwenye buti akayamimina yote ndani ya injini iliyokuwa inaunguza. Ndani mle kikasikika kitu kikilia, ta, kama glasi ya moto iliyotiwa maji baridi. Hata mimi nisiyekuwapo nimeambiwa sauti ile nikafumba macho.

Saa moja na nusu ikapita. Alimpigia huyu, akampigia yule, akaeleza jinsi vipuri vya siku hizi vilivyo feki. Mama alikuwa amenyamaza muda mrefu. Mshonaji aligeuka akamwona anapumua kwa mabega, midomo imepauka, kifuani kuna sauti ya maji yanayotokota.

"Mama?"

"Niko... sawa," mama alisema. "Mwache amalize."

Hapo ndipo mshonaji alipoamka, ikiwa neno ni hilo. Gari la mikate lilikuwa linashuka, limeshamaliza mzunguko wake. Alisimama katikati ya barabara, mikono juu, likasimama. Hakumwomba mumewe ruhusa. Yeye na dereva walimbeba mama wakamkalisha mbele, yeye akajibana nyuma kati ya makreti matupu, gari likageuka kurudi juu. Mume alibaki na boneti yake wazi akipiga kelele kwamba anadhalilishwa.

Walipofika hospitalini, nafasi ya mama kwenye mashine ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine. Walimwekea oksijeni, wakamdunga sindano, wakahangaika naye hadi alasiri ndipo mashine moja ikapatikana. Daktari alisema wangechelewa nusu saa nyingine wangepokea maiti. Alisema hivyo bila kupunguza, na mshonaji alimshukuru kimoyomoyo kwa kutopunguza.

Mume aliwasili jioni, mkono umefungwa bandeji. Muuguzi alikuwa anajaza fomu kitandani kwa mama.

"Mgonjwa huyu hachelewi kamwe," muuguzi alisema. "Leo kulitokea nini?"

"Mke wangu," alisema yule bwana, mbele ya mkewe, bila kupepesa. "Alichelewa kumwandaa. Tulitoka nyumbani tumeshachelewa, ikabidi nikimbize gari, likachemsha."

Mshonaji alimtazama mama mkwe, kwa kuwa mama mkwe alikuwa macho na alisikia. Mama akafumba macho chini ya barakoa ya oksijeni, akageukia ukutani. Muuguzi akaandika. Nawaambieni, mshonaji aliwahi kukatwa na mkasi mpaka mfupa, lakini hakuwahi kuumia vile.

Alhamisi gari lilivutwa mpaka uani. Mshonaji mwenyewe ndiye aliyemwita Fundi Taratibu, na safari hii hakuna aliyemtisha. Mama alikuwa ametolewa hospitali, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki. Wale majirani wawili wakaja tena kuegemea ukuta. Mzee alifungua bolti mbili kwa utaratibu wake, akakiinua kifuniko, akaganda.

"Nani aliweka hii?"

"Mimi," mume alisema, kwa fahari kabisa.

"Njoo utazame. Springi inatazama wapi?"

Mume akainama, akatazama. Mtu mwingine yeyote hapo angesema nimekosea, neno fupi, halichubui ulimi, na huenda tungemsamehe. Bwana Najua akajinyoosha.

"Ilijigeuza," alisema.

"Ilijigeuza?" Fundi Taratibu aliuliza. "Imebanwa na bolti mbili, imeganda kwenye gundi, ikajigeuza?"

"Yenyewe. Mtikisiko wa barabara. Najua."

Jirani mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Mshonaji hakucheka. Aliolewa na mtu huyu, amezaa naye, amemfulia, na mtu mwenyewe anasimama mbele ya mama aliyenusurika kufa akikisingizia kipande cha chuma.

Wote wakamgeukia mama, kama walivyozoea. Ilikuwa zamu yake ya kusema mwanangu hakukusudia. Mume mwenyewe alimtazama akingoja.

Mama aliinuka kwa kushikilia kiti, akasogea mpaka kwenye gari. Aliitazama ile themostati muda mrefu.

"Ulikuwa na miaka sita ulipovunja taa ya sebuleni," alisema. "Baba yako aliuliza nani kavunja. Ukasema paka. Nikasema kweli, ni paka, nimemwona."

"Mama, hayo ya zamani yanahusu nini?"

"Nyumba ile hatukuwahi kufuga paka."

Mama akamgeukia mshonaji. "Juzi nilifumba macho, mwanangu. Nilisikia kila neno nikafumba macho, na wewe ndiye uliyenibeba. Kesho utakaponipeleka kwenye mashine, tutaanzia kwa yule muuguzi. Afute alichoandika, aandike ninachomwambia. Kisha nipeleke kwa wifi yako, binti yangu, anakaa karibu na hospitali. Hapa sirudi."

"Mama, utanidhalilisha mbele ya watu," mume alisema.

"Nilipokustahi mbele ya watu niliishia kubebwa kwenye gari la mikate."

Mshonaji naye, akilia, akamwambia Fundi Taratibu alichokificha tangu Jumapili. "Mimi niliiona ikiwekwa kinyumenyume. Niliona, nikarudi kwenye cherehani." Yule mzee hakumfariji. Aliitikia kwa kichwa tu, akakusanya spana zake. Chuma cha juu cha injini kilikuwa kimepasuka, gari lile halikuwa na dawa.

Ijumaa mama aliondoka kama alivyosema. Siku hizi mshonaji hulala kwa wifi yake siku za mashine, na watoto wao walio shule ya bweni, wakifunga shule huko ndiko wanakoshukia. Mtaani mtu akivunja kikombe, watoto huimba, "Kilijivunja chenyewe, najua!" Bwana Najua anapita anasikia. Nilikutana naye juzi, nikamuuliza hali ya mama, mwezi wa nne huu hajakwenda kumwona. Akaniambia mama ametiwa maneno na mkewe. Nikageuza njia, kwa kuwa nilitaka kutema mate na sikutaka yamwangukie mtu.

FUNZO

Jamaa zangu, themostati kuiweka kinyumenyume si dhambi. Hata fundi hukosea, akafungua, akageuza, akacheka. Kuuliza si ujinga, na kusema nimekosea hakumpunguzii mtu kimo. Ubaya wote wa kisa hiki uko kwa mtu aliyeona bora mamaye afe kuliko yeye aonekane hajui.

Lakini msimtazame yeye peke yake. Mama alimfunika tangu utotoni, akampa paka asiyekuwapo. Samaki mkunje angali mbichi. Akishakauka humkunji, unamvunja au anakuvunja. Mke aliona, akaambiwa anyamaze kwa heshima, akanyamaza. Majirani walicheka, wakaenda zao. Hata dereva wa mikate aliona mgonjwa, akakubali kuondoka. Watu wazima wote hao, na kila mmoja alikuwa na ulimi.

Basi ukiona springi imegeuzwa, katika gari au katika nyumba ya mtu, sema papo hapo, hata mbele ya watu. Atakasirika, atakununia, atakuita fundi wa vifungo. Mwache anune. Aibu haijawahi kumjaza mtu maji mapafuni.